Kiti ya Baba na Rangi ya Kijani

Nakumbuka siku moja ambayo nikiiona njiani leo, mwanangu, nitavuka barabara nisipatane nayo. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi, napima mahindi kwa stoo moja hapa Kitale, na nilikuwa nimepata nyumba upande wa kwenda Saboti. Vyumba viwili tu! Lakini niliipamba utafikiri rais atapita kunywa chai.

Niliingiza masofa makubwa mpaka tukang'oa mlango na fremu yake, ukuta ukakohoa. Saa ya ukutani ilikuwa inalia mpaka ng'ombe za Saboti zinaamka nayo. Mama watoto wangu, Nekesa, alishona vitambaa vya kufunika viti, meza na redio, halafu akashona kitambaa ya kufunika kitambaa. Paka wetu akilala dakika mbili anaamka amefunikwa. Nasema ukweli, Mungu ananiona, na kama anacheka ni shauri yake.

Sasa baba akasikia ati kijana yake ya kwanza ako na nyumba. Akatoka Sirisia asubuhi, akatembea mpaka Chwele siku ya soko, akapanda pikapu ya vitunguu, akakaa huko nyuma na mbuzi mmoja mwenye alimwangalia vibaya safari yote. Alifika ananuka kitunguu mpaka nikatoa machozi, majirani wakafikiri ni furaha. Chini ya koti alikuwa amebeba zawadi: kiti yake ya mti, ya miguu tatu, ile alipewa na babu.

"Simiyu," akaniambia, "nimekuletea kitu ya kuweka ndani ya nyumba."

"Asante baba," nikasema, lakini macho yangu iko kwa sofa. Hiyo kiti ilikuwa nyeusi, imelainishwa na makalio ya wazee wangapi sijui. Nikajiambia, hii haifanani na seti. Sikuuliza kwa nini mzee anabeba kiti yake kutoka Sirisia, kama kwamba Kitale watu wanaishi wamesimama. Hapo ndio ujinga yangu iliota, na ilikuwa na mbolea ya kutosha. Alipoenda nikaipeleka jikoni, ikawa ya kuwekea sufuria.

"Hii si ya sufuria," Nekesa akaniambia. "Mzee hawezi kutoa kiti yake bure bure. Si umuulize?"

"Wewe shona," nikamwambia.

Miezi ikapita, nikaona ukuta unaniangalia vibaya. Nikanunua rangi ya kijani, nikaita fundi moja anaitwa Masinde, mfupi hivi kwamba akisimama na akikaa ni kitu moja. Akaomba kitu ya kupanda. Nikampatia kiti ya baba. Bana, nilimpatia na hii mkono yangu.

Siku hiyo hiyo, bila kutuma neno, baba akatokea mlangoni na kuku kwapani. Akaona Masinde juu ya kiti na viatu zake, rangi imemwagika mpaka kwa miguu yote tatu.

"Wewe fundi," akauliza polepole, "unajua umesimama juu ya nani?"

"Niko juu ya stuli, mzee," Masinde akajibu. "Ni ngumu hii, usiogope, haivunjiki."

Mimi nikacheka. Si kwa ubaya, mwanangu. Mdomo yangu imezoea kucheka kabla ya kuniuliza. Baba akanigeukia.

"Simiyu, wewe ndio mkubwa kwa nyumba yangu. Kwetu baba anapatia mtoto wa kwanza kiti yake akiwa bado anaweza kutembea, ndio aende amwone ameikalia. Leo nilikuja kukuona. Basi, nimeona."

Akamwachia Nekesa kuku, akachukua kiti na rangi ikiwa bado mbichi, ikamshika kwa koti. Hakunywa hata maji. Nikamkimbilia: "Baba, ngoja ikauke kwanza!" Hiyo ndio kitu nilipata ya kusema. Si "nisamehe". Rangi.

Nikapanga kwenda Sirisia kumwomba msamaha. Jumamosi hiyo tulikuwa tunapaka rangi ya pili. Jumamosi nyingine ikawa ya pazia, nyingine ya kurudisha ile mlango. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu inauma mpaka leo. Mara mtu wa baisikeli akaniletea neno: mzee ameshikwa na kifua, kuja haraka.

Nilienda saa hiyo hiyo. Matope ya Chwele ilimeza pikapu yetu mpaka kwa madirisha, nikashuka nikatembea. Nilimkuta macho iko wazi lakini maneno imeisha. Nikamshika mkono, nikasema nisamehe mara nyingi kuliko mvua ya Elgon. Aliniangalia tu, halafu akaenda. Sijui kama alisikia. Mimi mwenye natia chumvi kwa kila kitu, hapo nimekosa hata uongo ya kujifariji.

Baada ya mazishi, wazee wakakaa kuongea maneno ya boma. Senge wetu, dada ya baba, akauliza, "Kiti ya mzee iko na nani?" Ndugu yangu mdogo, Barasa, akasimama. Baba alimpatia mwenyewe, na mkono yake. Tangu siku hiyo Barasa ndio anafungua maneno kwetu. Wakwe walipokuja kuposa msichana yangu, walisalimia Barasa kwanza. Mimi nilikaa kwa benchi na vijana, nikawachekesha mpaka mmoja akamwaga chai. Watu wakasema, Simiyu hana shida.

Barasa si mbaya. Ameniomba mara nyingi niikalie. Lakini nitaikalia namna gani, na mwenye alitaka kuniona hayuko?

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Siku hizi naona mnaweka dari ya gipsamu na taa zinabadilika rangi kama kinyonga mgonjwa. Wekeni, mimi sikatazi. Lakini mzee akikuletea kitu, usiangalie kama inafanana na viti zako. Kaa chini, umuulize: baba, hii unanipatia ni nini? Kuuliza hakuchafui ukuta. Na ukimkosea, usingoje Jumamosi. Enda na nguo yenye umevaa. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu imezeeka na mimi, tunakula kwa sahani moja.

Mungu akupatie nyumba yenye wazee wanaingia bila kubisha na watoto wanaichafua bila kuogopa. Akupatie miguu ya kufika mapema. Na ukifika, mwanangu, umkute bado anaweza kukujibu.