Mbwa Asiye na Tundu

Panya wa Mzee Kanroku, wa mti mtupu, walimvunja paka wa jirani meno matatu. Asiyeamini na aende Takayama, Japani, akamfunue paka mdomo.

Kanroku alichonga netsuke, vinyama vya ukubwa wa kidole gumba, ambavyo wanaume huchomeka mshipini ili mfuko wa tumbaku uning'inie usianguke. Mkewe alikwisha kufa. Alibakiwa na binti mmoja, Osayo, aliyerudi kwake kujifungua.

Mimba ilipofika mwezi wa tano, siku ya Mbwa katika kalenda ya huko, Osayo alifungwa kitambaa tumboni, kwa kuwa mbwa huzaa kama anayepiga chafya. Kanroku akaapa kumchongea mbwa wa kufungwa kwenye kitambaa hicho, amlinde.

Akamchonga hadi kucha. Yakabaki matundu mawili ya kupitishia uzi. Kila asubuhi alishika keekee, akamtazama mbwa, akaiweka chini, akaendelea kumsugua mgongo.

Mkunga, Bibi Otora, akamsuta: "We Kanroku, huyo mbwa unamchonga au unamposa?"

"Tundu ndilo hupasua mti, dada. Nikikosea, yote yamekwenda."

"Apasuke, uchonge mwingine! Mimba haingoji fundi."

"Baba, mtoboe unipe hivyo hivyo," Osayo akacheka. "Hata akiwa chongo, mradi afungike."

"Kesho, mwanangu. Nimlainishe kidogo tu."

Uchungu ukaja kabla ya wakati, theluji imefika madirishani. Osayo alining'inia kwenye kamba ya kuzalia iliyofungwa darini.

"Mbwa wangu yuko wapi, baba?"

Kanroku akamtia mbwa kiganjani mwake. Lakini kamba yataka mikono miwili. Mbwa akateleza, akabingirika chini ya mkeka. Mtoto alitoka hai, wa kike. Damu haikukoma. Kulipopambazuka, Osayo hakuwepo tena.

Siku ya maziko, kando ya jeneza, Kanroku alishika keekee. Akatoboa tundu la kwanza. Akatoboa la pili. Bibi Otora alikunja uso, akingoja mlio wa mti kupasuka.

Mbwa hakupasuka. Hakutoa hata ufa wa unywele.

"Bora angepasuka," Kanroku akasema.

Bibi Otora akamchukua mbwa. Alipitisha uzi, akamfunga mbwa kwenye nepi ya yule yatima.