Bwana Likizo Afungua Mlango kwa Wateja

Saa nne asubuhi, jua limeshapamba moto nje, lakini chumbani kwa Bwana Likizo ni giza. Mapazia mawili, moja juu ya jingine, yamefunika dirisha. Ameketi ukingoni mwa kitanda, kompyuta iko juu ya meza ya kupigia pasi, hedifoni masikioni, uso wake unamulikwa na chupa ya asali.

Chupa yenyewe haipo. Ni picha tu kwenye kioo, na kwa muda mrefu sasa anahangaika na rangi moja ya njano iliyo kwenye lebo yake. Anaipunguza, anaikodolea macho, anairudisha. Mara anacheka peke yake.

"Asali ya mteja huyu imekolea," anasema. "Nikimwekea njano ya kung'aa, mnunuzi akifungua ataona ametapeliwa."

Kazi yake ni kusanifu lebo: za asali, sabuni, mafuta ya nywele, chakula cha kuku. Anaifanya akiwa nyumbani, na giza lina sababu yake. Jua likiingia chumbani, rangi za kwenye kioo hudanganya, na lebo iliyopendeza kwa macho hutoka kwenye mashine ikiwa na rangi ya matope.

Majirani hawakuijua sababu hiyo. Walichokiona ni mwanamume mzima wa miaka arobaini na mitatu, yuko nyumbani Jumatatu hadi Jumatatu, anaanika nguo saa sita mchana akiwa na kaptura. Wakamwita Bwana Likizo. Jina limemkaa hasa, na siku hizi hata akiitwa hivyo na watoto anaitika bila kugeuka.

Alifanya kazi miaka kumi na moja katika kiwanda cha uchapaji, mpaka kilipofungwa. Akanunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaanza kuwaandikia watu waliokuwa wakileta kazi kiwandani. Miezi sita ya mwanzo, anakumbuka, hakufikisha hata nusu ya mshahara wake wa zamani. Nyumba ilisimama kwa mshahara wa mkewe, mwalimu wa chekechea.

Siku hizi mwezi mzuri humwingizia mara mbili ya alichokuwa akilipwa kiwandani. Mwezi mbaya, anasema, ni afadhali tusiuzungumzie mbele ya wageni.

Kazi haikumtisha. Kilichomtisha ni wateja kutaka kumwona. Nyumba ina vyumba viwili na sebule, sebule ina makochi yaliyobonyea, na yeye aliona aibu kumleta hapo mtu aliyekuja kumlipa. Kwa hiyo alikuwa akiwapangia wateja kukutana kwenye sebule ya hoteli moja mjini. Anavaa shati lake la kutokea, anaagiza chai moja ya kunywa saa mbili, na akiulizwa ofisi iko wapi, anajibu kwamba inapakwa rangi.

"Mwenye asali aliniuliza ni rangi gani hiyo isiyokauka miaka mitatu," anasema, na kucheka mpaka hedifoni zinaanguka shingoni.

Ujanja huo uliishia kwa mwanamke mmoja anayetengeneza sabuni. Ana aina kumi na mbili za sabuni na alitaka zote zipate lebo mpya, kisha msanifu huyohuyo abaki naye mwaka mzima. Bwana Likizo hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Kazi za kuokoteza zilikuwa zimemchosha, na moyoni alishajiambia kwamba akiikosa hii, anarudi kutafuta kuajiriwa.

Mwenye sabuni alikuwa na sharti moja. Msanifu aliyepita alimjua kwa sauti tu. Alimpa malipo ya awali, na simu ikazimwa mpaka leo. Safari hii alitaka kuona mtu anafanyia kazi wapi. Hoteli hakutaka hata kuisikia.

Wakapatana aje Jumamosi. Akaja Alhamisi.

"Nilifanya makusudi," ananiambia mwenyewe bila kuona haya. "Mtu ukimwambia unakuja, utakuta nyumba imevaa suti. Mimi nilitaka kuikuta na nguo za nyumbani."

Aliyemkuta mlangoni ni mama mkwe wa Bwana Likizo, anakunja nguo zilizokauka. Mama huyu alikuwa amehamia hapo miezi mitano kabla, baada ya kuugua miguu. Kwa miezi yote hiyo alimwona mkwewe akiingia chumbani asubuhi, akifunga mlango, na chini ya mlango hakuna hata mwanga. Binti yake alimweleza kwamba mle ndani kuna kazi inafanyika. Mama alimsikiliza kwa huruma, akiamini mtoto anamsitiri mumewe. Na mkwe ni mkwe. Hakuweza kumuuliza mwenyewe, seuze kufungua mlango wa chumba chake.

Kwa hiyo mgeni alipouliza kama hapo ndipo penye ofisi ya mtu wa lebo, mama alijibu kwa unyoofu kwamba ofisi hakuna. Aliyepo ni mkwe wake tu, hana kazi, na muda huo amelala.

Mwenye sabuni anasema aligeuka kuondoka. Alishajihesabu ametapeliwa mara ya pili. Lakini mama alimshika mkono, akamkalisha kwenye kochi, akamtilia chai. Alikuwa ameona mkoba mzuri na viatu vya maana, na kichwani mwake likamjia jambo moja tu: huyu ni mtu anayeweza kuajiri.

"Nikamwambia, mwanangu, kama una kazi yoyote, hata ya kufagia, mpe huyu kijana," anasimulia mama mkwe, akiziba mdomo kwa kiganja kuficha kicheko. "Nikamwambia sijawahi kumsikia akimpandishia mwanangu sauti. Nilipougua ni yeye aliyenibeba kunipeleka hospitali, na dawa zangu hakosei saa. Amekosa bahati ya kazi tu, tabia anayo."

Akaendelea hivyo mpaka chai ikaisha. Mgeni akaomba kikombe cha pili.

Nyuma ya mlango, hedifoni masikioni, Bwana Likizo hakusikia neno. Alikuwa akimalizia lebo za mfano za sabuni, azionyeshe Jumamosi. Kiu ikamtoa. Akafungua mlango akiwa na kaptura na fulana iliyotoboka begani, akakutana uso kwa uso na mteja aliyewahi kumwona kwenye simu tu.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. "Halafu nikaona anacheka. Anacheka, machozi yanamtoka."

Mwenye sabuni aliomba kukiona chumba. Mama mkwe akasimama kizingitini, akachungulia kwa mara ya kwanza, akaona sabuni kumi na mbili zimejipanga kwenye kioo kwa rangi zao. Akamuuliza mgeni kwa sauti ndogo kama ina maana alikuwa akimwombea mkwe wake kazi kwa mtu ambaye tayari amekuja kumpa kazi. Mgeni akamjibu kuwa ndivyo, na kwamba maombi yake yamekubaliwa.

"Lebo zilikuwa nzuri, ndiyo," ananiambia mwenye sabuni. "Lakini uamuzi niliufanya kwenye kochi. Mtu anayesifiwa hivyo na mkwewe, tena mkwe anayedhani hana hata senti, huyo hatanizimia simu."

Furaha ya siku ile bado imo nyumbani humu. Bwana Likizo hataki tena kusikia habari za hoteli. Ana mpango wa kuziba upande mmoja wa kibaraza kwa ukuta mdogo, aweke meza na viti vitatu, na hapo ndipo atakapopokelea wateja. Ameshaanza kuwapigia wale wote aliowaambia ofisi inapakwa rangi, mmoja mmoja, kuwakaribisha nyumbani kwake.

"Nataka kila ninayemfanyia kazi ajue ninapoishi na ninaoishi nao," anasema. "Nilikuwa naficha kitu kizuri nilichonacho."

Wa kwanza kuitikia ni mwenye asali, na anakuja alasiri ya leo, Jumamosi. Lebo haijakamilika. Bwana Likizo anarudisha hedifoni masikioni na kuniomba radhi.

Nje, watoto wake wawili wanafukuzana uani kwa kelele. Mama mkwe, akijikongoja kwa miguu yake, anaufunga mlango wa chumba taratibu, kisha anawatokea wajukuu.

"Punguzeni sauti," anawaambia. "Baba yenu yuko kazini."