Marjan Aliyerudi Nyumbani Kimya

"Hata malaika wa mauti hatanisikia nikipita."

Marjan aliyasema hayo kwenye maikrofoni, Kansanga, mbele ya wawekezaji waliovaa suti juani kama watu wanaotumikia kifungo. Walicheka walipotafsiriwa. Kampuni yao ilikuwa imemwaga mabilioni kwenye umeme wa jua na pikipiki za betri, na katika sisi bodaboda wa steji yetu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukabidhi pikipiki yake ya petroli apewe mpya. Ile ya zamani ilipondwa papo hapo, watu wakapiga makofi.

Marjan ni Mnubi wa Kisugu, mtaa wa jirani, mbishi, msafi kuliko kazi yake. Helmeti ya abiria huipaka manukato. Anaishi na mama yake, Maimunah, ambaye mtoto wa jicho amemwachia mwanga tu, sura hazioni. Miaka yote mama alimjua kwa mngurumo. Pikipiki ikikata kona ya msikiti, yeye anavuta komeo. Marjan akizima injini, mlango uko wazi na chakula kiko chini ya kawa. Mgongaji mwingine hafunguliwi. Waliwahi kuibiwa na mtu aliyejifanya jirani.

Ya betri haingurumi. Wiki ya kwanza Marjan alitembea akitusimanga sisi tunaonuka mafuta. Ya pili, siku moja baada ya magharibi, akagonga kwao. Mama akauliza nani.

"Ni mimi, Mama. Marjan."

Akasikia kicheko kidogo, cha mtu anayetaniwa. "Marjan ameshaingia. Anakula."

Akazunguka dirishani. Mama alikuwa mkekani peke yake, akiongea, na mbele yake sahani ya pili, imeliwa nusu.

Tulimwambia ni uzee. Tatizo ni kwamba mtaa mzima ulikuwa umeisikia pikipiki ya zamani ikikata kona muda mfupi kabla yake. Hata mimi. Niliinua mkono kusalimia, nikaushusha polepole, kwa sababu barabarani hapakuwa na kitu. Umeme niliosoma kabla ada haijanishinda haukunisaidia kulieleza hilo.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Akipiga honi, mama anasema hata wezi wana honi. Marjan akahamia kwa dada yake, Jamilah, nyumba ya pili. Tulimtania kwamba nyumbani wamembadilisha kama betri, mpaka tulipoona hacheki.

Kisha mngurumo ukakoma, lakini mama aliendelea kufungua, sijui alikuwa anasikia nini. Alianza kunawiri. Alimweleza Jamilah kwamba mwanawe siku hizi anakaa, anamsikiliza, hana tena haraka ya kurudi barabarani. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Marjan kuliko lile la mngurumo usio na pikipiki. Majini yana dua zake. Mama anayependa mtoto mwingine, utamsomea nini?

Akairudisha pikipiki ya kampuni. Akatafuta ya petroli, aina ileile, akatoboa egzosi ili ingurume zaidi, akatia petroli lita moja. Jumamosi mchana akaingia mtaani kwa kishindo, kuku wakikimbia, sisi nyuma yake. Akasimama mlangoni. Komeo halikuvutwa. Akavuta mafuta mpaka mabati yakatetemeka, kisha akapunguza.

"Mama, nimerudi. Si unaisikia?"

Maimunah alikuja hadi nyuma ya mlango. Sauti yake ilikuwa ya upole, ile anayotumia kwa wageni.

"Nenda salama, baba. Mwanangu siku hizi haji na kelele. Amenikataza kumfungulia mwenye kelele."

Tukasikia komeo la chini likikazwa. Halafu la juu. La juu Maimunah halifikii. Marjan ndiye aliyelipigilia, kwa urefu wake.

Hakugonga tena. Alikaa juu ya pikipiki na injini ikinguruma, akiutazama mlango, na hakuna aliyethubutu kumwambia aizime, mpaka mafuta yakaisha yenyewe.

Siku hiyo petroli Kansanga ilikuwa shilingi elfu tano na mia mbili kwa lita.