Mama Zima na Waya wa Kiraka

Mdogo wangu ni fundi mitambo wa redio, redio ileile ambayo mimi naifagia na kuichemshia chai. Ofisini wanamwita Mama Zima, kwa sababu kitu kikianza ukorofi neno lake la kwanza ni hilo: zima. Tangu utoto yuko hivyo. Baba akiwasha jiko la mafuta likatoa moshi, anakuja yeye, kitoto kimevaa chupi tu, anazima. Alichapwa, akazima tena.

Redio yetu inasikika miji mingi. Sauti inatoka studio, inapita kwenye waya mnene hadi dishi la paani, dishi linaitupa kwenye satelaiti, satelaiti inaishusha kwenye minara ya mbali. Mimi niliishia darasa la saba na hilo nalielewa, kwa hiyo asiyeelewa ajilaumu mwenyewe.

Wiki moja wasimamizi wa satelaiti wakapiga simu: dishi lenu linamwaga kelele kwenye njia ya jirani, anayetumia satelaiti hiyohiyo. Na jirani mwenyewe hapigi muziki. Ni zahanati za mbali, zinazozungumza na daktari wa hospitali kuu mgonjwa akizidiwa. Mdogo wangu akampigia nesi mmoja wa huko. Nesi akamweleza: daktari alikuwa anamwelekeza namna ya kumsaidia mzazi anayevuja damu, mara sauti ikakatika, ikarudi, ikakatika.

"Akapona?"

"Alipona kwa bahati tu, dada."

Mama Zima akapanda paani, bisibisi kiunoni. Akaufuata waya kwa kiganja mpaka akakuta kiraka. Waya ulikatika, ukaungwa kwa utepe mweusi. Kazi ya shemeji wa meneja, aliyepewa vibarua vya ufundi pale redioni. Sasa waya ule ndani umevikwa wavu wa chuma, kuzuia mawimbi ya nje yasiingie. Penye kiraka wavu haukuwepo, na mnara wetu wenyewe, wa kurushia matangazo ya hapa mjini, uko hapohapo pembeni. Mawimbi ya mnara yakawa yanapenya kwenye kiraka, yanapanda na dishi, yanakwenda kumwangukia jirani.

Meneja alimsikiliza huku anachokoa meno.

"Sisi tunasikika vizuri?"

"Vizuri sana, bosi. Mpaka tusikotakiwa."

"Waya utanunuliwa wiki ijayo. Kesho Jumamosi nina fainali, wadhamini wamejaa. Usiniguse mtambo."

"Na wagonjwa waambiwe waugue wiki ijayo?"

"Ukizima, huna kazi."

Nyumbani nilimwambia awe na akili, watoto wake wanakula mshahara huohuo. Akanijibu huku anamenya viazi: "Dada, ukijua maji yako machafu yanaingia jikoni kwa mwenzio, utasubiri wiki ijayo?" Nikachukua kisu, nikamenya naye.

Jumamosi, watangazaji wameshakaa uwanjani, akazima. Akafunga chumba cha mitambo, ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo meneja hawezi kuufuata bila kuitiwa mkewe. Akavuta kiti, akakaa mlangoni.

Meneja akaja mbio, tai imehamia begani.

"Fungua."

"Waya kwanza."

"Nimekufukuza kazi."

"Sawa, nimefukuzwa. Waya kwanza."

Shemeji naye akajitia kati. "Si kiraka kidogo tu, dada'angu?"

"Wewe nyamaza. Utepe ule ungeuziba mdomo wako tungepona wote."

Meneja akanigeukia mimi, maana nina ufunguo wa pili wa kufanyia usafi. "Mama chai, lete ufunguo."

Nikamwambia ninao, na sitoi.

Alitutazama sote wawili, kama mtu anayetafuta nani wa kumrushia kiatu. Mara simu za wadhamini zikaanza kulia mfukoni mwake, hii haijakatika nyingine inaingia. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akamtuma shemeji dukani, na shemeji akatoka kama amefukuzwa na nyuki.

Waya ulipofika, mdogo wangu akautandaza mzima, bila kiungo hata kimoja njiani, akakaza ncha zake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akawasha. Meneja akamwambia aunganishe uwanja haraka. Yeye akawapigia kwanza wasimamizi wa satelaiti, wakaangalia huko kwao, wakasema njia ya jirani ni safi. Ndipo akaunganisha.

Kipindi cha pili cha mpira kikaenda hewani. Cha kwanza hakuna mji wa mbali uliokisikia, na meneja alisemwa na wadhamini mpaka masikio yakamwiva.

Jumatatu Mama Zima akaingia kazini kama kawaida, akatundika mkoba, akachukua bisibisi. Meneja akamkuta kwenye korido.

"Wewe si nilikufukuza?"

"Ulinifukuza Jumamosi. Leo Jumatatu. Nipishe nikakague viungo vingine alivyofunga shemeji yako."

Akampisha.