Goti langu lilivyofungwa racheti ya lori hapa Tunduma, na mjinga wa kwanza nilikuwa mimi

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa aibu. Leo nauacha. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, kwenye goti hili la kushoto, mchana kweupe, mbele ya mashahidi waliokuwa wanapiga makofi. Asiyeamini apite tu, sina ninachomuuzia.

Mimi ni fundi wa malori hapa Tunduma. Kazi yangu ni chini ya gari: springi, hub, gearbox. Wanaoijua hii kazi wanajua fundi wa chini anaishi akiwa amechuchumaa. Spana unaokota umechuchumaa, nati unafungua umechuchumaa, hata chai unakunywa umechuchumaa kwa sababu ukisimama unagonga kichwa kwenye chesisi.

Kwa hiyo goti lisilokunja kwangu sio ugonjwa, ni kufukuzwa kazi. Sina kazi nyingine ninayoijua. Likishindikana narudi kwetu Isansa kwenye kahawa za mzee, na huko nako hakuna kazi ya mtu asiyeweza kuinama.

Hilo mlishike, maana ndilo lililonifanya niwe chizi.

Ilikuwa hivi. Jeki iliteleza, tela likashuka, hub, kile chuma kizito cha katikati ya gurudumu, ikanikuta mguu upo palepale. Msiniulize kwa nini sikuweka stendi. Dereva alikuwa ananipigia kelele kwamba foleni ya mpakani imeanza kutembea, na mimi nikajifanya mwepesi. Mfupa ukavunjika chini kidogo ya goti.

Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, kutoka pajani mpaka kwenye kifundo. Wiki nyingi nimelala naangalia dari.

Siku ya kutolewa nilitegemea nitoke pale natembea kama bosi. Wakuu, mguu ulitoka mwembamba, una magamba, na goti limekauka. Naliambia likunje, halina habari na mimi.

Wakanipeleka chumba cha mazoezi ya viungo. Mtaalamu mwenyewe binti tu, mpole, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kinyiha, nikajua huyu wa kwetu. Akanipima na kile kirula chao chenye bawaba katikati. Akasema goti linakunja digrii sitini. Kuchuchumaa kwa fundi kunataka zaidi ya mara mbili ya hapo.

Halafu akanipa kifaa.

Naomba hapa mnivumilie, maana ndipo dharau yangu ilipoanzia.

Kifaa chenyewe ni ubao laini, urefu wa mguu. Juu yake kuna kigari kidogo cha vigurudumu vinne, unaweka kisigino. Kigari kimefungwa kamba, kamba inapita kwenye kapi lililopo ukingo wa ubao, ncha unaishika mkononi. Unavuta kamba, kigari kinakuja kwako, goti linakunja. Ukiachia, mguu unarudi.

Basi. Imeisha hiyo.

Akaniambia, "Baba, unavuta mpaka usikie inabana. Sio mpaka ulie. Unahesabu polepole hadi thelathini, unaachia. Mara tano kwa siku, kila siku."

Nikamuuliza, "Kwa siku ngapi, daktari?"

"Tuongelee miezi, baba."

Wakuu, mimi gearbox ya lori naishusha asubuhi, jioni gari linavuka kwenda Nakonde. Nanyanyua vyuma kwa chain block. Leo hospitali nzima inanipa kapi la kuchotea maji kisimani na kigari cha kuchezea watoto, halafu naambiwa miezi?

Nikaitikia "sawa daktari" kwa heshima zote. Nikatoka na magongo yangu, na ubao nimemkabidhi mke wangu abebe ili mimi nisionekane nao.

Niliutumia siku nne. Siku ya tano Mama Gift akaukuta chini ya kitanda.

"Baba Gift," akasema, "huu ubao umeshapona?"

Nilimjibu vibaya. Hiyo nayo najutia.

Sasa kijiweni.

Pale gereji tuna jamaa wa kuchomelea, jina namhifadhia. Tumuite Injinia, kwa sababu ndivyo anavyojiita mwenyewe, chuo alichosoma hakijulikani. Huyu bwana kila kitu anakijua. Ukiumwa jino ana jibu, mkeo akinuna ana jibu, hata mapapai yasipozaa shambani ana jibu.

Nikafika na magongo kusalimia. Akaliangalia goti, akaligonga na kidole kama anayekagua tairi.

"Fundi, nati ikiganda unaifanyaje?"

"Naipasha moto, napiga oili, naiacha inywe, naweka bomba kwenye spana."

"Sasa hilo goti lina tofauti gani?"

Nisikieni vizuri. Mimi, mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili na akili zangu zote, niliona ana point. Na sio mimi tu. Gereji nzima, watu ambao kila siku wanaona boliti zikikatika kwa kulazimishwa, wakatikisa vichwa kwamba Injinia kanena.

Siku mbili akatengeneza mashine.

Kiti cha lori bovu. Mbele yake pleti mbili za chuma zimeungwa na bawaba ya geti la tela. Paja linalala kwenye pleti ya juu, muundi kwenye pleti ya chini. Kwenye kifundo unazungushwa mkanda wa kufungia mzigo, ule wa racheti, unapita chini ya kiti na kukazwa kwa mpini uliochomelewa kwenye mguu wa nyuma wa kiti.

Wasioijua racheti: ukipiga mpini, mkanda unakaza jino moja. Haurudi nyuma. Ili uachie lazima uufungue mpini mpaka ulale kabisa. Ndiyo maana inafunga mzigo mpaka Lubumbashi bila kulegea.

Nikirudisha akili nyuma nacheka kwa uchungu. Kapi la binti lilikuwa linaachia ukiachia mkono. Letu lilitengenezwa makusudi lisiachie, na sisi tukaona huo ndio ubora wake!

Siku ya shughuli ilikuwa saa sita mchana. Watu wakajaa kama kuna ngoma. Wakaanza na kupasha moto: taulo lililochovywa kwenye maji ya moto. Kisha oili. Mmoja akashauri tupake brake fluid, nikakataa, nikajiona nina busara sana.

Tukapaka grisi. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Grisi ya bearing, kwenye goti la binadamu.

Injinia akashika mpini. Kraa. Goti likasogea. Kraa. Likasogea tena. Akapima na skwea yake ya kuchomelea, akatangaza: "Sabini na tano!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi wakuu, jasho linanitoka, nimekaa kwenye kile kiti nimepakwa grisi, naona kesho niko chini ya gari.

"Tuongeze?"

"Ongeza."

Kraa. Kraa. Hapo nikaanza kuona nyota. Nikamwambia basi, inatosha. Akasema, "Hilo jino la mwisho ndilo linalofungua kutu." Kraa.

Kitu kikachanika ndani ya goti. Nilikisikia kwa masikio, sio kwa maumivu. Maumivu yalikuja baadaye kidogo, yakaja yote.

Nikapiga ukelele. Nikamwambia achia! Injinia akafungua mpini ili ulale.

Haukulala. Alikuwa ameuchomelea karibu mno na mguu wa kiti, ukafika nusu ukagota kwenye chuma. Yaani mtaalamu wetu alipima kila kitu cha kuingilia, cha kutokea akakisahau.

Nimefungwa. Goti limekunjwa, mkanda umekaza, natukana mpaka matusi ambayo sikujua ninayajua. Huyu anasema leta nyundo, yule anasema leta gesi tukate. Gesi wakuu, na mguu wangu umo humo! Kulikuwa na dereva mmoja Mzambia anasubiri lori lake, mzee wa makamo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili pale. Alikuwa anapiga kelele tangu mwanzo, "Lekeni, ba fundi, lekeni!" yaani acheni, na hakuna aliyemsikiliza. Akatoa kisu chake cha kukatia nyanya, akaukata mkanda.

Mguu ukaruka mbele. Sikumbuki vizuri kilichofuata.

Jioni goti lilikuwa limevimba kuliko paja. Mama Gift akauliza, nikamwambia nimeteleza chooni. Akanusa. "Choo cha nani kina grisi?" Akaleta maji na sabuni akaanza kunisafisha. Nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu.

Hospitali nikarudi. Binti yule yule. Nikampa ile ile ya chooni. Hakubishana, alipandisha tu suruali yangu akaangalia kifundo. Mkanda ulikuwa umeacha alama, nyuzi zake zote zinaonekana kwenye ngozi.

"Baba ni fundi wa malori?"

"Ndiyo."

"Wa Tunduma?"

"Ndiyo."

Akashusha pumzi. "Wakulima wanakuja wamechanjwa wembe na kupakwa dawa. Nyie mafundi mnakuja na alama za mkanda. Wewe ni wa tatu mimi kumuona."

Wa tatu wakuu! Mimi nilidhani tumegundua kitu.

Akapima. Thelathini na tano. Kutoka sitini.

Nilimuuliza kitu kimoja tu, nitachuchumaa tena au ndio basi. Akasema hawezi kuniahidi. Akasema nyama za ndani zimechanika, zikipona zitaacha kovu, na kovu halinyooki kirahisi. Picha ikapigwa, mfupa ulikuwa salama, namshukuru Mungu. Nikaambiwa nipumzishe mguu, uvimbe uishe, halafu nianze upya.

Na nini? Na ubao. Ule ule.

Sina sifa za kujipa hapo. Nilivuta kamba kwa sababu nilikuwa naogopa. Mara tano kwa siku, nahesabu thelathini, naachia. Mama Gift alikuwa anachora mstari wa chaki kwenye ubao pale kigari kilipofika. Kuna wiki mistari mitatu ilikaa juu ya mmoja, nikatamani kuutupa ubao kwa dirisha. Kuna siku nililia, na hapo hakuna aliyenikaza, kamba nilikuwa nimeishika mwenyewe.

Mvua zikaisha, mahindi yakakauka, watu wakavuna. Ndio muda wenyewe huo, kwa anayetaka kujua miezi ni nini.

Leo nakunja mia na kumi. Natembea, napanda ngazi, nimerudi kazini. Ila kuchuchumaa mpaka chini sifiki. Kwenye gari nafanya kazi nimelala juu ya boksi, au nimekaa kwenye kikreti cha soda, na kazi ya saa moja nafanya kwa mbili. Juzi kwetu Isansa kulikuwa na msiba, wanaume wote wamekaa chini kwenye turubai, mimi nikaletewa kiti nikawekwa na wazee. Nina miaka thelathini na nane.

Nilimuuliza binti kama zile digrii zilizobaki zitarudi. Akasema, "Hizo, baba, zilibaki kwenye kiti chenu."

Sasa malizieni na hii.

Siku ya kwanza kurudi gereji, naingia, nakuta watu wamejazana. Nikapenya. Kile kiti kipo. Kimepakwa rangi! Kuna dereva amekaa, goti limekauka baada ya ajali ya bodaboda, mkanda uko kwenye kifundo, na Injinia ameshika mpini.

Akaniona, akafurahi kabisa. "Fundi, karibu! Nimeirekebisha. Mpini sasa nimeusogeza, unalala vizuri, hakuna kukwama tena."

Miezi yote ile mimi niko chini navuta kamba, yeye somo alilopata ni kusogeza mpini.

Nilimfungua yule dereva, nikachukua grinda, nikakata bawaba, nikakata pleti, nikakata miguu ya kiti yote minne. Mnajua aliyelalamika ni nani? Dereva. "Mkuu, umeharibu, ilikuwa ndio inaanza kuleta majibu."

Nikaenda nyumbani nikaleta ubao wangu, na mistari ya chaki ikiwa bado ipo. Nikautundika ukutani pale pale, nikamuonyesha namna ya kuvuta, nikawaambia wote yeyote mwenye kiungo kilichoganda auchukue, bure, na aende hospitali akaelekezwe.

Kwenye kile kiti walikuwa wanapanga foleni. Ubao una vumbi, na kapi buibui ameshalijengea.

Nilichojifunza: kifaa cha kurudisha goti kiwe kinaachia unapoachia. Ukiona kinachokukunja kimeshikwa na mtu mwingine, na watu wanapiga makofi, shuka kwenye hicho kiti.

Uwanja wenu wakuu. Aliyewahi kupona goti lililoganda aseme alifikaje, hasa kama alifika chini kabisa, nahitaji kusikia. Na yule wa brake fluid, najua humu umo na ID yako naijua, tafadhali usicomment.