Mabukwe na simu ya chumbani kwake

Leo nimejua kitu mu duka la simu, na mpaka sasa moyo haujatulia.

Kwetu mtandao unapatikana pale dirishani sebuleni tu. Ndiyo bwana yangu akasema tununue simu ya nyumba isiyo na waya: kitako chenye SIM kikae dirishani, simu zake tatu zizunguke. Moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani kwa mabukwe, mama yake.

Nikajiuliza, mabukwe atamupigia nani? Jirani anamuita kwa kupaza sauti!

Nimeenda na mabukwe hapa Rumonge mjini. Mimi nilishika ile ya simu moja. Yeye akanyooshea kidole ile ya simu tatu.

Sasa mujue: mabukwe ni wa Bugarama, Kiswahili hasikii, ni Kirundi tu. Kwa hiyo mimi, mutoto wa Uvira, nikiwa pale dirishani na mama yangu kwa simu, nasema yote mbele yake. Yote, jamani. Mpaka namna anavyohesabu vipande vya samaki wa mukeke mu sufuria.

Muuzaji akapiga kwa majaribio. Zote tatu zikalia. Mimi nikainua moja, mabukwe akainua nyingine.

"Munaona? Mwenye kuinua anasikia yote," muuzaji akasema.

Mabukwe akamugeukia, Kiswahili safi kama cha Kigoma:

"Na wanaoongea hawatajua kama ninasikiliza?"

"Hapana, mama."

"Murakoze, asante. Tunachukua hii."

Sasa hivi iko chumbani kwake, inachaji.

Munipe shauri, lakini muandike hapa. Musinipigie.