Maganda ya Makadamia

Subira yangu iliisha mbele ya kaunta ya duka la dawa za mifugo mjini Nkubu, mtoto mgongoni na kuku kwapani. Ilikuwa mara ya nne. Muuzaji, ndani ya koti lake jeupe, hakumwangalia kuku. Alinyoosha mkono tu akachukua pakiti ileile ya unga wa dawa wa kutia kwa maji.

"Mami, hao ni wazito tu, miguu imechoka," akasema. "Wasipopona, wauze kwa hoteli za Nchiru. Mwanafunzi haulizi kuku alikuwa akitembea aje."

Dada yangu mdogo anasoma chuo kikuu huko Nchiru. Anakula kwa hizo hoteli. Nikamweka kuku juu ya kaunta, katikati ya risiti zake.

"Mshike mguu."

Akarudi nyuma. Goti lilikuwa limefura kama ndimu, lina joto, na chini ya wayo kulikuwa na kigaga cheusi.

"Unaogopa kushika, na unataka dada yangu ale?"

Mzee mmoja kwenye foleni aliniambia nipunguze moto, mtoto ataamka. Mtoto alikuwa ameshaamka.

Hasira hiyo haikuanza siku hiyo. Huku kwetu njugu za makadamia ziko kila mahali, na maganda yake magumu tunapikia. Vumbi la mbao la kutandikia kuku lilipokuwa shida kupata, huyo muuzaji akaanza kutuletea magunia ya maganda yaliyopondwa. Tandika kwa nyumba ya kuku, alisema, hayaozi, hayanuki. Nikatandika kwa mikono yangu mwenyewe. Nikajiona mjanja kuliko majirani waliozunguka kwa mafundi wakiomba vumbi.

Mama mkwe wangu aliingia humo bila viatu kuokota mayai, akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja. Akasema kitu kinachomchoma binadamu hakiwezi kuwa kitanda cha kuku. Nilimcheka.

"Mama, kuku hana nyayo laini zilizozoea viatu vya kanisani kama zako."

Akabeba mayai yake, akaenda akichechemea.

Wiki chache baadaye kuku wa kwanza akaketi. Ukimwinua, anaketi tena. Akafuata wa pili, halafu nikaacha kushangaa. Hao kuku ndio kazi yangu, sina nyingine. Nikawa nawapelekea maji kwa bakuli pale walipolala, maana wenzao waliwakanyaga wakikimbilia chakula. Mchana nabeba mtoto, nabeba kuku. Na kila mara dukani ni unga uleule.

Siku hiyo ya kaunta nilitoka moja kwa moja hadi ofisi ya mifugo. Afisa alimpapasa kuku, akasema huyu hatapona, akamchinja. Alipopasua goti, usaha mzito wa manjano ukatoka vipande vipande. Akakunja paja mahali linapoungana na nyonga, na kichwa cha mfupa kikavunjika kama chaki. Alinieleza kwamba viini vya ugonjwa viliingia kwa vidonda vya nyayo, vikasafiri kwa damu hadi kwenye viungo na mifupa, na vikishajificha huko, dawa ya kunywa ni vigumu kuvifikia. Kisha akauliza nimewatandikia nini. Nikamwambia. Akauliza kama sikuona ni makali.

Niliona. Hilo ndilo limenikalia moyoni mpaka leo. Mtu wa kaunta nimemkasirikia, na bado. Lakini mama mkwe alikuwa ameniambia ukweli huku akichechemea, nami sikumsikia kwa sababu hakuwa na koti jeupe.

Nikaomba karatasi nikaandika malalamiko. Afisa aliposoma alinishauri nitoe sentensi ya mwisho, eti itaninyima nguvu. Niliiacha palepale. Akapiga muhuri:

"Nalalamika juu ya muuzaji wa dawa za mifugo anayetoa dawa ileile kila mara bila kumtazama kuku, na aliyenishauri niwauzie watu kuku wagonjwa walio na dawa mwilini. Naomba azuiwe kuuza maganda ya makadamia kama matandiko, na wote waliouziwa waambiwe wayatoe. Mimi mwenyewe niliyatandika, nikaonywa na mama mkwe wangu, nikamcheka."